Vita ya Kagera au vita vya Kagera? Na je, babu asahihishwe?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tabata. Nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha pili, wamepewa kazi ya kuandika historia ya familia wakati wa vita. Alimrekodi babu yake kwa simu, nusu saa nzima. Babu alikuwa mwanajeshi 1978 na 1979, tulipopigana na Uganda, na baba yake babu naye alipigana vita ya Wazungu. Kazi imerudi imejaa wino mwekundu. Kila penye 'vita ya' pamewekwa 'vita vya', 'Ziwa Magharibi' imekatwa, na pembeni ya 'nduli' mwalimu kaandika 'Lugha!' Nilipomsomea babu akakasirika: 'Huyo mwalimu kapigana vita gani?' Sasa nani mkweli? Na mtoto ayaandike maneno ya mzee kama yalivyotoka, au ayanyooshe?"

Marahaba, mama. Nimezisoma mara mbili zile kurasa ulizopiga picha, na hukumu yangu itawaudhi wote. Mwalimu ana haki kwenye neno vita, babu ana haki kwenye mengine, na binti yako ana makosa mawili ambayo kalamu nyekundu imeyaruka.

Tuanze na vita. Neno hili limo kundi moja na viti, vitu na vyombo, kwa hiyo kwa Kiswahili sanifu ni vita vya Kagera, vita vilianza, vita vikali. Tatizo ni kwamba halina umoja. Kuna kiti na kitu, lakini hujawahi kusikia watu wakizungumza juu ya "kita". Sikio likikosa ki- ya kuegemea, linaanza kuyumba. Msemaji anaiona vita kuwa jambo moja kubwa, kama njaa, ajali au safari, basi anaipeleka kwa wenzake hao: njaa ya, ajali ya, vita ya. Utaniuliza, mbona maji na mafuta nayo hayana umoja na bado tunasema maji yamekatika? Nadhani ni kwa kuwa maji hatuyahesabu. Vita tunazihesabu, ya kwanza na ya pili, na kinachohesabika kinataka umoja wake. Umeona? Hata mimi nimeteleza hapo juu nikaandika "tunazihesabu". Nimeiacha makusudi, ili babu ajue hayuko peke yake.

Ushahidi wa vya ni wa zamani. Methali inasema vita vya panzi furaha ya kunguru. Jaribu kuweka "vita ya panzi" uone inavyochechemea. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wajerumani walivyoivamia pwani yetu, nao unajulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Shaaban Robert alipotunga utenzi wake mrefu juu ya vita vya 1939 hadi 1945, aliuita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Mtoto wa kidato cha pili akiwa na mashahidi hao wawili, hana sababu ya kuandika vinginevyo katika sentensi zake mwenyewe.

Kuna mahali pamoja ambapo i- imeshinda na imekaa: Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa kufuata ngeli ingekuwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na wapo wanaoandika hivyo, lakini jina limeshazoeleka vitabuni na magazetini likiwa na "Kuu ya". Sioni sababu ya kumkata mtoto alama kwa jina ambalo vitabu vyake vya historia vinalitumia. Kinachonikera ni mseto, "Vita Kuu vya Pili", mguu mmoja ndani mwingine nje. Asiyetaka mgogoro aandike Vita vya Pili vya Dunia, basi.

Sasa babu. Hapa ndipo nisipokubaliana na wino mwekundu, na jibu lake binti yako analo tayari kwenye daftari la Kiswahili: usemi halisi na usemi taarifa. Nimechukua sentensi moja kutoka ukurasa wake wa tatu. Babu kasema:

"Tulivuka mto pale Kyaka usiku. Vita ilikuwa kali, lakini jeshi hawakurudi nyuma."

Hiyo ikiwa ndani ya alama za mtajo, haiguswi. Si vita, si jeshi, si nukta. Kilicho ndani ya alama zile ni mali ya aliyekisema, na mwandishi anakishika kama mtu aliyeshikiwa mzigo wa mwenzake stendi. Akitaka kukinyoosha, atoke nje ya alama na aeleze kwa maneno yake: Babu alisema kwamba walivuka mto pale Kyaka usiku, na kwamba vita vilikuwa vikali lakini jeshi halikurudi nyuma. Njia zote mbili ni sahihi. Alichofanya binti, na ndicho kilichomchanganya mwalimu, ni kuandika maneno ya babu bila alama yoyote, yakachanganyika na yake. Mwalimu angejuaje hii "vita ya" ni ya mzee na ile ni ya mtoto?

Kazi hii ina wazee wake hapa hapa mjini. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, hapo Mlimani, waliingia vijijini kuwahoji wazee waliokuwa wakikumbuka Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Mengi tunayoyajua leo juu ya vita vile kutoka upande wa waliopigana yametokana na midomo ya wazee wale. Wangeyanyoosha maneno kila yalipopinda, tungebaki na faili za Wajerumani na Kiswahili kizuri.

Angalia "Ziwa Magharibi". Babu kasema walishushwa "Ziwa Magharibi, Bukoba, mvua inanyesha", mwalimu kaweka Kagera juu yake. Ningemwomba mwalimu airudishe. Mkoa ule uliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979. Jina la Kagera, ambalo ni la mto, mkoa uliupata vita vilipomalizika. Kwa hiyo mwanajeshi aliyefika kule Novemba 1978 alifika Ziwa Magharibi. Aliyehadithiwa juzi angesema Mkoa wa Kagera moja kwa moja. Babu kasema jina la siku ile, na hiyo ni alama ya mtu aliyekuwapo. Nje ya alama za mtajo binti aandike "mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera", na mwalimu hatakuwa na neno.

Nduli nayo. Maana yake ni mtu katili, muuaji asiye na huruma. Ni neno zito, lakini si tusi la kumfanya mtu aandike "Lugha!" pembeni. Walioisikiliza redio miaka ile wanajua jina la Idi Amin halikutembea peke yake: wengine wote walitanguliwa na ndugu, yeye akatanguliwa na nduli. Silabi moja tu imebadilika. Sijui kama aliyeanza kulitumia aliukusudia mchezo huo, ila masikio yaliupenda. Kinywani mwa babu libaki. Kwenye sentensi za binti ningeweka "Idi Amin, Rais wa Uganda wakati ule", kwa kuwa yeye anaandika historia na hasira ya mwaka ule si yake.

Na wakati tuko hapo, babu amemnukuu Mwalimu Nyerere: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mwambie binti aitazame vizuri sentensi hiyo. Uwezo umepata -o, sababu na nia zimepata -yo. Nchi inaingia vitani na upatanisho wa kisarufi umesimama wima. Nikifundisha o-rejeshi sihitaji mfano mwingine.

Sasa makosa mawili yaliyorukwa. La kwanza liko ukurasa wa kwanza, na nililiona kwa bahati, kwa sababu ulinitumia na ile sauti. Binti kaandika: "Baba yake babu alikuwa Kenya, akapelekwa bara." Nimesikiliza mara tatu. Babu anasema: "Baba alikuwa keya, akapelekwa Bama."

Mama, hapo ukoo wenu umepoteza bahari nzima. Keya ni matamshi yetu ya herufi tatu, K.A.R., King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda 1902 kwa askari wa Afrika Mashariki. Mtu aliitwa keya kama leo anavyoitwa mgambo. Na Bama ni Burma, nchi ambayo sasa ni Myanmar. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana huko dhidi ya Wajapani, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule, na kufikia mwisho wa mwaka wakavuka Mto Chindwin. Mzee wenu alipanda meli akaenda Asia. Daftari linasema alikwenda bara. Arudi kwa babu na simu yake, aulize tena, pole pole: keya wa kikosi gani, alipandia meli wapi, alirudi na nini. Na neno lolote asilolielewa aliandike kama alivyolisikia, kisha aulize. Kulibadilisha liwe neno analolijua ndiko kulikompeleka Kenya.

Simlaumu sana, maana nusu ya mji huu imejengwa kwa masikio ya namna hiyo. Waingereza walipouteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi pale lilipo soko. Watu wakasikia Kariakoo. Leo unashuka pale kununua khanga na chaja ya simu, na hakuna anayewaza juu ya watu waliobeba masanduku ya risasi kichwani mpaka wakafa njiani. Nairobi nao wana yao, wanaiandika Kariokor. Na kambi ya Lugalo, ambayo kila mtu wa barabara ya Bagamoyo anaijua kama kituo cha daladala, zamani iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya mahali Ethiopia ambapo keya walipigana 1941. Baadaye ikapewa jina la Lugalo, pale Wahehe wa Mkwawa walipoliangamiza jeshi la Wajerumani mwaka 1891.

Kosa la pili ni kichwa cha habari: "Makumbusho ya Babu Yangu". Nilicheka, halafu nikamwelewa. Mtoto wa Dar makumbusho anayajua kama stendi. Lakini makumbusho ni mahali pa kuhifadhi vitu vya kale, kama Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, au kile kijiji kilichoipa stendi jina lake. Alichokusanya yeye ni kumbukumbu, yaani yale babu anayoyakumbuka. Na ukumbusho ni kitu cha kuwafanya wengine wakumbuke: sanamu ya askari pale Posta, iliyowekwa 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ni ukumbusho. Kumbukumbu ziko kichwani mwa mtu, ukumbusho uko barabarani, makumbusho unaingia kwa mlango. Basi aandike "Kumbukumbu za Babu Yangu", na "za" iwepo, maana ziko nyingi.

Limebaki lile dogo ulilolichomeka mwishoni mwa barua, kwamba babu anasema "nilipiga vita" na jirani kamwambia ni kosa. Siku hizi kupiga vita kumekwenda sana kwenye semina: tunapiga vita rushwa, tunapiga vita malaria, maana yake tunapinga, tunakomesha. Mwanajeshi alipigana vita, kuna adui mbele yake naye anarusha. Kwa hiyo binti akiandika mwenyewe "babu alipiga vita Uganda", msomaji anaweza kudhani alikwenda kuhamasisha. Aandike alipigana. Jirani naye amwache mzee amalizie hadithi.