Mfuko wa Nyongo Ukishatolewa, Usitupwe

Mgonjwa wa mawe ya nyongo akishafanyiwa upasuaji wa matundu, kitu kinachozungushwa kwa ndugu ni yale mawe kwenye kichupa. Watu wanayahesabu na kuyapiga picha. Mfuko wenyewe mara nyingine umeshaingia kwenye ndoo ya taka za chumba cha upasuaji, kwa kuwa hakuna aliyelipia kipimo cha patholojia, yaani nyama kukaguliwa kwa darubini maabara.

Hapo ndipo saratani ya mfuko wa nyongo hutuponyoka. Mwanzoni haina dalili ya peke yake. Maumivu chini ya mbavu za kulia, kichefuchefu baada ya chakula cha mafuta, tumbo kujaa, vyote huhesabiwa kuwa ni mawe. Na kweli wagonjwa wengi wa saratani hii huwa na mawe, ingawa wenye mawe walio wengi hawaipati maisha yao yote. Ikifika mahali mgonjwa amekuwa wa njano macho na amekonda, mara nyingi imeshaziba mrija wa nyongo na kushika mishipa mikubwa ya ini, na wanaoweza kupasuliwa wakapona ni wachache. Wenye nafasi nzuri zaidi ni wale ambao maabara imeikuta bila kutarajia, ndani ya mfuko uliotolewa kwa ajili ya mawe.

Kwa hiyo mfuko uende maabara, kila mara. Hospitali nyingi kwetu humkabidhi ndugu kopo alipeleke mwenyewe, na makosa huanzia hapo. Kopo liwe na mdomo mpana, maana nyama ikikaa kwenye dawa hukakamaa, na iliyosukumwa kwenye chupa ya shingo nyembamba haitoki tena bila kuharibiwa. Dawa ni fomalini ya asilimia 10, ujazo wake usipungue mara 10 ya ukubwa wa nyama. Maji ya bomba hayafai, maji ya dripu hayafai, na kuweka kwenye friza ni kuharibu kabisa: barafu hupasua chembe. Jina la mgonjwa liandikwe ubavuni mwa kopo, si juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Fomu nayo isiandikwe "mawe ya nyongo" tu. Daktari aeleze kama ukuta ulikuwa mnene upande mmoja, kama mfuko ulipasuka na nyongo ikamwagika tumboni, na kama ulitolewa ndani ya mfuko wa plastiki au ulivutwa wazi kupitia tundu. Nyongo iliyomwagika inaweza kusambaza chembe za saratani, na anayepanga matibabu ya baadaye atataka kujua.

Ripoti ikirudi na neno saratani, usianze kuuliza "imebaki miezi mingapi". Tafuta herufi T na namba iliyo mbele yake. Hiyo ndiyo inayosema saratani imechimba ukuta kwa kina gani, na ukuta wa mfuko wa nyongo ni mwembamba, milimita chache tu, kwa hiyo tabaka moja hubadilisha mambo yote.

T1a maana yake saratani imeishia kwenye tabaka laini la ndani, haijagusa msuli. Ikiwa mfuko ulitoka mzima na kingo ni safi, yaani palipokatwa hapana saratani, upasuaji uliokwisha kufanyika ndio tiba yenyewe, na karibu wote huishi miaka 5 na kuendelea. T1b imeingia kwenye msuli. T2 imepita msuli bila kutoboa utando wa nje wala kuingia kwenye ini, nayo imegawanywa: T2a iko upande unaotazama tumbo, T2b upande ulioshikana na ini. Mgawanyo huu unaweza kuonekana wa kitabuni, lakini upande wa ini hauna utando wa kuzuia, na mishipa midogo ya damu hupita moja kwa moja kutoka mfukoni hadi kwenye ini. Ndiyo maana T2b hurudi zaidi. T3 imetoboa utando wa nje, au imeingia kwenye ini au kiungo kimoja jirani. T4 imeshika vena porta, mshipa mkuu unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, au ateri ya ini, au viungo viwili na zaidi nje ya ini.

Ripoti isiyotaja kama ni T1a au T1b haijakamilika. Irudishwe, mtaalamu akate vipande zaidi. Si kumsumbua, ni haki ya mgonjwa, kwani kuanzia T1b mgonjwa mwenye afya ya kuhimili anahitaji upasuaji wa pili.

Huo wa pili si wa matundu mawili matatu na kurudi nyumbani kesho. Daktari wa ini huondoa kipande cha ini kilichokuwa kimebeba mfuko, yaani sehemu ya IVb na ya V kati ya zile 8 za ini, au kabari ya sentimita 2 hadi 3 kuzunguka pale mfuko ulipokuwa umelala. Pamoja nacho hutoa tezi za limfu zilizo kando ya mrija wa nyongo, vena porta na ateri ya ini. Zitolewe na kuhesabiwa angalau 6. Ripoti inayosema "tezi 1, haina saratani" haikupi faraja ya maana, kwa sababu hakuna kilichotafutwa. Tezi 1 hadi 3 zikiwa na saratani huandikwa N1, 4 na zaidi N2. Kisha kuna ncha ya kile kimrija kilichounganisha mfuko na mrija mkuu: ikiwa na saratani, mrija mkuu nao hukatwa na utumbo kuunganishwa na ini. Kukata makovu ya yale matundu ya mwanzo, jambo lililokuwa likifanywa sana zamani, sasa halipendekezwi kwa kila mtu, maana halikuonyesha kurefusha maisha.

Lini? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, wa wagonjwa 207 kutoka hospitali 10, ulikuta waliorudi kupasuliwa kati ya wiki ya 4 na ya 8 waliishi mediani ya miezi 40.4, yaani nusu yao waliishi zaidi ya hapo. Waliowahi kabla ya wiki 4 walipata 17.4, na waliopita wiki 8 walipata 22.4. Haimaanishi kalenda ndiyo inayoponya. Mapema mno, uvimbe wa upasuaji wa kwanza huficha saratani, na ile iliyokwisha kusambaa haijajitokeza kwenye picha. Lakini wiki hizo 8 huisha haraka kwa familia inayochangishana, kwa hiyo rufaa iombwe siku ile ile ripoti inaposomwa. Kipimo cha CT cha kifua na tumbo kitangulie.

Kama uvimbe umeonekana kabla ya upasuaji wowote, kwenye altrasaundi kwa mfano, kuna jambo moja la kukataa kwa adabu: kuchomwa sindano kuchukua kinyama cha kupima wakati uvimbe unaonekana unaweza kuondolewa kwa upasuaji. Sindano inaweza kubeba chembe hadi kwenye utando wa tumbo. Kinyama cha sindano kina nafasi yake pale upasuaji umeshindikana na dawa zinataka kuanza.

Kipimo cha damu cha CA 19-9, kitu ambacho mara nyingi hupanda kwenye saratani hii, kinasumbua watu bure. Mrija ukiziba kwa jiwe tu, namba hupanda juu sana. Kipimwe mrija ukishazibuliwa na njano imeshuka. Tena kuna watu ambao damu yao ya aina ya Lewis hasi haitengenezi kabisa kitu hicho, na hali hii ni ya kawaida zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Kwao namba ndogo haina maana yoyote. Halafu, mtu akiwa wa njano siku chache baada ya upasuaji wa matundu, kabla ya kuwaza saratani iangaliwe kama mrija mkuu umebanwa au kukatwa kwa bahati mbaya, au kama jiwe limebaki.

Baada ya upasuaji wa pili huja vidonge vya capecitabine, dawa ya saratani ya kumeza. Utafiti wa Uingereza uitwao BILCAP, wenye wagonjwa 447 wa saratani ya mirija na mfuko wa nyongo, ulitoa mediani ya miezi 51.1 kwa waliomeza na 36.4 kwa walioangaliwa tu. Kitakwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango kilichowekwa, lakini imetosha kufanya dawa hii kuwa kawaida. Mediani, ieleweke, ni mstari wa katikati: nusu ya wagonjwa waliuvuka. Dozi ya utafiti ilikuwa miligramu 1,250 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, linalokokotolewa kwa urefu na uzito, mara mbili kwa siku, siku 14, kisha kupumzika siku 7, mizunguko 8. Mtu wa mita mraba 1.6 ni vidonge 4 vya miligramu 500 asubuhi na 4 jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula. Kinachokwamisha ni viganja na nyayo kuwaka na kubanduka ngozi, na kuharisha. Ukiharisha mara 4 zaidi ya kawaida yako kwa siku, au usiku, acha kumeza na piga simu kliniki, usisubiri tarehe. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, damu yake itakuwa nyepesi kupita kiasi.

Wanaokwenda India kwa rufaa huko kaskazini watakutana na madaktari walioizoea, kwani ukanda wa mto Ganges ni kati ya maeneo yenye saratani hii kwa wingi duniani. Watakachokuomba kwanza si picha za simu za karatasi ya ripoti. Ni vitalu vya nta vilivyobeba vipande vya ule mfuko na vioo vyake vya darubini, ripoti ya upasuaji wa kwanza iliyoandikwa na daktari mwenyewe, na CT kwenye diski. Maabara huvihifadhi vitalu hivyo na hutoa kwa barua ya daktari. Vifunge kwenye kitambaa, viingie mkoba wa mkononi, visikae juani ndani ya gari, nta huyeyuka.