Mkuu, hizo ndoo ziache kwanza

Wewe unayeuliza udongo gani na ndoo za lita ngapi ili umwoteshee mama yako bangi hapo Mbagala, imtulize maumivu ya saratani: usianze. Hiyo njia nimeipita Kimara na mzee wangu.

Kilichoniponza si polisi (ingawa wamo, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haijui mche wa dawa wala wa starehe, na watu wanakula mvua 30 kwa kulima). Ni kusubiri. Mche unataka miezi hadi uchanue, na mbegu za kuokotaokota hujui dume ni lipi mpaka likuumbue. Mimi namwagilia kama nimeotesha matembele, mzee yuko chumbani, saratani imeshafika mifupani, usiku anang'ata shuka wajukuu wasimsikie. Na dawa ipo hapahapa mjini!

Aliyenipoteza ni bwana mmoja wa kundi la WhatsApp, "daktari wa mimea" wa kujibatiza. Alinikataza kabisa mofini, ile dawa kali ya maumivu, eti mgonjwa akianza hiyo ndiyo safari. Kisha akaniuzia mafuta ya kusogezea siku, meusi, yananuka vitunguu vilivyoungua. Nadhani tulikuwa tunamkaanga mzee tu. Video zake zote za Colorado, huko Marekani, ambako mtu mzima anaruhusiwa mimea 6. Mbagala ni Colorado? Hata dawa ya Epidiolex, iliyopitishwa Marekani 2018 na inatokana na bangi kweli, ni ya kifafa.

Aliyetuokoa ni nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mofini ya maji, chungu hasa, unaivuta kwa bomba lisilo na sindano, kipimo wameandika wao, kila baada ya saa 4 bila kungoja maumivu yarudi. Usiku ule mzee alikoroma mpaka tukaenda kumchungulia kwa hofu. Asubuhi akauliza mbona chai haina tangawizi. Ndiyo safari yenyewe hiyo!

Kwa hiyo tiba shufaa kwanza, kabla ya mbegu, kabla ya ndoo. Uliuliza na mambo ya mbolea sijui taa, nimeshasahau. Ila mofini inafunga choo vibaya sana. Wasipokuandikia dawa ya kulainisha, idai palepale dirishani, usirudi nyumbani bila hiyo.