Jibu: Alama 10 kwenye PHQ-9, ni mgonjwa tayari?

Ndugu, umeuliza kama, katika utafiti wako, mwanafunzi wa Makerere akipata alama 10 kwenye PHQ-9 (dodoso la dalili za sonona, yaani huzuni ya kiugonjwa) uandike kwamba ana sonona. Hapana. Maswali ni 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27. 10 ni mpaka wa kumtilia shaka tu, uchunguzi kamili ni kazi ya mtaalamu. Tena linauliza wiki 2 zilizopita. Ukiligawa wakati wa mitihani, baadhi ya alama zinaweza kutokana na kukesha tu (mimi mwenyewe ningezijaza zote!).

Swali la 9 ndilo usilichezee: linagusa mawazo ya kujidhuru. Kabla hujachapisha hata karatasi moja, panga nani atampokea atakayekiri, siku hiyohiyo. Kamati ya maadili itakubana hapo, na bado kuna kuusajili utafiti UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda).

Na kupima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate? Homoni hiyo hupanda nusu saa hivi baada ya kuamka, halafu hushuka kutwa nzima. Ukimpima mmoja saa 1 asubuhi na mwenzake saa 8 mchana, umelinganisha saa, si msongo.

Msimamizi wako ni wa saikolojia au wa tiba?