Umeripoti gofu la jirani halmashauri, kimya. Kinachotokea baada ya wewe kutoka mlangoni

Mkuu, umeuliza kwa nini gofu la jirani yako bado limesimama ilhali ulishalalamika halmashauri, ukapokelewa vizuri, kisha kimya. Wengine hapo juu wameshakujibu kwamba hao hawafanyi kazi, wanangoja mtu afe. Mimi nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza, nikitunza majalada ya wakaguzi wa majengo na kuongozana nao viwanjani. Uzembe upo, sikatai. Ila malalamiko mengi niliyoyaona yakifia kabatini yaliletwa yakiwa hayana kitu cha kushika.

Angalia ulivyoandika mwenyewe: "nyumba mbovu, majani yamejaa, vibaka wanajificha, tunaishi kwa hofu." Mkaguzi akisoma hivyo anaona kero, haoni kosa. Yeye ana sheria ndogo zenye vifungu, na kifungu hakisemi hofu. Kinasema ukuta usio imara, jengo lililotelekezwa bila kuzibwa milango, majani yaliyopita kimo kilichowekwa, majitaka yanayotoka nje ya kiwanja, ujenzi bila kibali, nyumba ya kuishi iliyogeuzwa karakana. Kama ulichokiona hakiingii kwenye mojawapo, jalada litafungwa hata kama afisa anakuhurumia. Ndiyo maana pia ugomvi wa mpaka, deni la kodi ya pango au jirani aliyevunja makubaliano yenu ya mdomo hurudishwa. Hayo ni ya mahakama au baraza la usuluhishi, usipoteze muda wako kwa mkaguzi.

Barua bora niliyowahi kuipokea ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, nusu ukurasa. Aliandika kwamba ukuta wa upande wa mashariki umepasuka kuanzia juu ya dirisha hadi kwenye msingi, na chini yake ndipo watoto wanapopita kwenda shule. Akaambatisha picha mbili za ufa uleule alizopiga kutoka barabarani, amesimama palepale, zimepishana wiki chache. Nyuma ya kila picha tarehe, na mbele rula imeshikiliwa karibu na ufa. Kwenye picha ya pili ufa ulikuwa umepanuka, mtu yeyote aliuona bila kuambiwa. Hakuandika neno hata moja kuhusu tabia za mwenye nyumba. Mkaguzi alitoka mchana uleule.

Kutoka mchana uleule si upendeleo. Kila ofisi inapanga malalamiko kwa hatari, siyo kwa nani alitangulia foleni. New York wameliweka hilo wazi kwa nyumba za kupanga: kosa la daraja A lisilo la hatari mwenye nyumba hupewa siku 90 kulirekebisha, daraja B la hatari siku 30, na daraja C la hatari ya papo hapo kwa kawaida saa 24. Kwingine majina na siku ni tofauti, lakini mantiki ni hiyohiyo. Ukichanganya ukuta unaotaka kuanguka na majani marefu kwenye sentensi moja, unaweza kujikuta umewekwa foleni ya majani. Tanguliza ukuta. Majani yaje aya ya mwisho.

Suala la jina linawasumbua wengi. Mnaogopa jirani atajua, na ni kweli kijiji chochote hakina siri. Hata hivyo mimi nashauri uandike jina na namba ya simu, kisha uombe kwa maandishi jina lisitolewe. Malalamiko yasiyo na mwenyewe hayana wa kuulizwa swali la ziada, hayana shahidi, wala hayana wa kupigiwa simu jalada likikwama. Kuna mahali hayapokelewi kabisa: jimbo la Florida, Marekani, tangu 2021 mkaguzi haruhusiwi kuanza uchunguzi kwa lalamiko lisilo na jina na anwani ya mlalamikaji, isipokuwa kama kuna hatari ya karibu kama ile ya afya au usalama wa umma. Na kabla hujapeleka barua, zunguka kwako kwanza. Mkaguzi akifika mtaani macho yake hayachagui nyumba, na nimeona mlalamikaji akiondoka na notisi ya banda lake mwenyewe.

Umelalamika pia kwamba afisa alikuja "akachungulia tu getini akaondoka." Huenda alifanya sahihi. Sehemu nyingi hawezi kuingia kiwanja cha mtu bila ridhaa au amri ya mahakama. Marekani Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1967 katika shauri la Camara, mpangaji wa San Francisco aliyewakatalia wakaguzi mlango. Ushahidi uliopatikana kwa kuruka ukuta ni zawadi kwa wakili wa upande wa pili. Dawa yake ni rahisi: mkaribishe kwako. Kama gofu linaonekana kutoka uani kwenu au kwenye dirisha la juu, andika kwenye barua kwamba unamruhusu kuingia kwako na kupiga picha akiwa hapo. Hilo huokoa muda kuliko simu kumi za kulalamika.

Sasa kwenye notisi, ambako ndiko mambo mengi yanakokwama bila raia kujua. Notisi halali lazima imtaje mwenye mali, kiwanja, kifungu kilichovunjwa, nini kifanyike na lini kiwe kimekamilika. Kimoja kikikosewa, kila kitu kinarudi mwanzo. Kulikuwa na gofu fulani ambalo mtaa mzima ulikuwa umelichoka. Ofisi ikatoa notisi kwa jina lililokuwa kwenye rejista, ikabandikwa getini, muda ukapita, shauri likafunguliwa. Siku ya kusikilizwa akasimama wakili wa mmoja wa warithi na cheti cha kifo. Aliyepewa notisi alikuwa marehemu tangu zamani, warithi wanagombana na hakuna msimamizi wa mirathi. Shauri likatupwa kabla hata picha za ukuta hazijatazamwa. Wananchi wakasema tumehongwa.

Kilichokuja kulikwamua lile jalada ni jirani mmoja aliyejua ndugu wa marehemu na kesi yao ya mirathi ilikuwa mahakama gani. Aliandika karatasi moja: majina ya warithi, nani anakusanya kodi ya kibanda cha mbele, namba ya shauri la mirathi. Notisi mpya ikaelekezwa kwa msimamizi aliyeteuliwa na kwa yule anayekusanya kodi, ikapokelewa kwa saini. Kwa hiyo mkuu, kama unajua mwenye lile gofu alifariki, amehama au aliliuza kienyeji, hiyo ndiyo habari yenye thamani kuliko zote ulizo nazo, na kwenye maelezo yako sikuiona.

Notisi ikishapokelewa sawasawa, tegemea subira. Mwenye mali ana haki ya kukata rufaa, na ana haki ya kuomba kuongezewa muda. Mkaguzi mzuri humpa akiona kazi imeanza, kwa sababu lengo la sheria hizi ni ukuta urekebishwe, siyo mtu afungwe. Faini nayo ina ubaya wake. Kule Dunedin, Florida, mwenye nyumba mmoja alijikuta na deni la karibu dola 30,000 kwa sababu ya majani marefu tu: faini ya dola 500 kwa siku ilikuwa inahesabika wakati yeye yuko safarini akishughulikia mali ya mama yake marehemu. Ilizua kesi ndefu. Binafsi faini za namna hiyo sizipendi, maana anayeshindwa kununua mifuko ya saruji hatapata pesa ya faini. Inayofanya kazi zaidi ni ile hatua ya halmashauri kuziba au kubomoa yenyewe kisha gharama ikawekwa kama deni juu ya ardhi. Hapo hata warithi wasioelewana hukaa kikao, kwa sababu hawawezi kuuza kabla ya kulipa.

Yule mwingine hapo juu aliyesema jirani yake anapandisha ghorofa bila kibali na yeye "anamwacha amalize ajichanganye": usingoje. Kwanza kusimamisha msingi ni rahisi kuliko kubomoa nyumba yenye familia ndani. Pili, kuna nchi ambako muda ukipita kosa haliwezi kuchukuliwa hatua tena. Uingereza zamani ilikuwa miaka 4 kwa majengo, na tangu Aprili 2024 England wameifanya 10. Enzi za miaka 4 mkulima mmoja wa Surrey alijenga kasri zima na kulificha nyuma ya marobota ya majani makavu, akaishi humo na familia, akatoa majani alipodhani muda umekwisha. Akaambiwa kuondoa yale majani ni sehemu ya ujenzi, kwa hiyo saa haikuwa imeanza kuhesabu. Mahakama Kuu ikakubaliana na hilo mwaka 2010, na kufikia 2016 kasri lilikuwa limebomolewa. Yeye alishindwa, lakini jirani asiyeficha chochote na asiyeripotiwa na mtu anaweza kushinda kwa kukaa kimya tu.

Na kama wewe ndiye uliyebandikiwa notisi, usiichane. Mpigie afisa aliyesaini, uliza kifungu, omba muda kwa barua kabla siku hazijaisha, siyo baada. Ukimaliza kazi dai ukaguzi wa pili na barua ya kufunga jalada. Notisi isiyofungwa hubaki kwenye kumbukumbu za kiwanja na itakuibukia siku unayouza.

Mleta uzi, rudi ofisini kesho na uulize vitu viwili tu: namba ya jalada, na notisi ilitolewa kwa jina la nani. Wakisema hakuna jalada, basi ulichopeleka kiliishia kuwa maongezi ya mapokezi, anza upya kwa maandishi na nakala yako igongwe muhuri. Wakikutajia jina, lilete hapa bila kuweka namba ya kiwanja hadharani, nieleze kama mtu huyo yu hai na yuko wapi, tuandike barua ya pili pamoja.