Sauti ya Bruce Dickinson baada ya kansa

SWALI: Mambo vipi mhariri, mi na kaka'angu tunabishana kila siku kuhusu Bruce Dickinson, muimbaji wa bendi ya metal ya Iron Maiden, yeye anasema jamaa alishawahi kufukuzwa kwenye bendi, mi nasema aliondoka mwenyewe. Alafu eti aliugua kansa, sasa anaimbaje? Na huo urubani ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, hapo kwenye bendi we ndo uko sahihi. Aliyetolewa ni muimbaji wa kabla yake, Paul Di'Anno, mwaka 1981, ndo Bruce akaingia akitokea bendi ya Samson, na albamu yake ya kwanza nao, The Number of the Beast ya 1982, ikashika namba moja Uingereza. 1993 akaaga mwenyewe akafanye muziki wake, akarudi 1999. Hiyo miaka ya katikati watu wanaidharau bure, wakati Desemba 1994 huyu mtu alipanda lori usiku akapita milimani kwenda kupiga shoo Sarajevo, kule Bosnia, mji umezingirwa na vita imepamba moto!

Urubani ni kweli kabisa, alikuwa ameajiriwa na shirika la ndege la Astraeus anarusha abiria wa kawaida tu, na 2008 akaiendesha Boeing 757 iliyobeba bendi na vyombo vyao vyote kwenye ziara.

Sasa kansa. Mwishoni mwa 2014 alikutwa na uvimbe kwenye shina la ulimi, mkubwa kama mpira wa gofu, na mwingine kwenye tezi ya shingoni, akapigwa mionzi na kemo (dawa kali za kansa), Mei 2015 wakamwambia yuko safi. Kwa muimbaji hapo ndo pabaya zaidi maana mionzi ya eneo hilo inakausha mate na koo linaungua, na yeye hakukurupuka, aliacha koo lipone taratibu mpaka Februari 2016 ndo akapanda tena jukwaani. Albamu ya bendi, The Book of Souls, ilitoka Septemba 2015 lakini alishairekodi kabla hajaanza matibabu, kwahiyo msiitumie kwenye ubishi wenu. Mwambie kaka'ako asikilize Senjutsu ya 2021, albamu ya bendi, na The Mandrake Project ya 2024, albamu yake mwenyewe, sehemu kubwa kaimba baada ya matibabu. Mi naisikia sauti imekuwa nzito kidogo, ila nguvu ipo, na kusema ukweli kwenye nyimbo za taratibu naipenda kuliko ile ya zamani.