Maswali ya Wasomaji: Mbeba Mpira Anaangushwaje Akiwa Amezungukwa?

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja: mpira unapotea mikononi mwa mtu aliyedhaniwa yuko salama. Mchezo wenyewe ni Blood Bowl, ule wa mkakati uliotolewa mara ya kwanza na kampuni ya Games Workshop ya Uingereza mwaka 1986, ambao sasa vijana wengi wanaucheza kwenye kompyuta. Kwa asiyeujua: kila upande una wachezaji 11 (viumbe wa hadithi kama Orc, Elf, panya wa Skaven na wengineo), uwanja ni miraba 26 kwa urefu na 15 kwa upana, na kila kipindi kina zamu 8 kwa kila timu. Bao ni kufikisha mpira katika safu ya mwisho ya mpinzani. Mchezaji wako akianguka katika zamu yako, zamu imekwisha hapo hapo. Majibu yetu yanafuata sheria za toleo la 2020.

Salamu kwenu wahariri. Mimi humzungushia mbeba mpira wangu watu wanne: mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja kulia, mmoja kushoto. Bado mpinzani anaingia na kumpiga kikumbo bila hata kurusha dadu ya kuchomoka. Je, programu ina kasoro? – Msomaji wa Section 58, Nakuru

Programu haina kasoro, ndugu yetu. Walinzi wako ndio wamesimama mahali pasipofaa. Umejenga alama ya kujumlisha, na kizimba, yaani ule mzunguko wa walinzi wanne, hujengwa kwa alama ya kuzidisha.

Chukua kalamu uchore. Weka mbeba mpira katikati na walinzi wake mbele, nyuma, kulia na kushoto. Sasa tazama mraba wa pembeni, ule wa mshazari unaomgusa mbeba mpira. Adui akitoka mraba mmoja nje zaidi kwenye mshazari huo huo, pale alipo hakuna mlinzi wako anayemgusa. Dadu ya kuchomoka hurushwa na mtu anayeondoka mraba alikokabwa, na huyu hajakabwa na yeyote. Kwa hiyo anaingia kama anayeingia sokoni.

Wahamishe wanne hao kwenye mishazari minne. Sasa njia pekee za kumfikia mbeba mpira ni miraba minne iliyo kati ya walinzi. Adui anayetaka kuingia hapo lazima kwanza asimame mbele ya pengo, na pale tayari anakabwa na mlinzi mmoja au wawili. Akichomoka kuingia ndani, anaingia mraba unaokabwa na watatu: walinzi wawili na mbeba mpira mwenyewe. Kila mkabaji anampunguzia 1. Mchezaji wa kawaida anayehitaji 3 au zaidi sasa anahitaji 6, yaani nafasi 1 kati ya 6. Akiwa na ujuzi wa Doji anaruhusiwa kurudia dadu, na nafasi inapanda hadi asilimia 31 hivi. Hata akifaulu, walinzi wawili wanamsaidia mbeba mpira, nguvu zinakuwa 3 dhidi ya 5, na dadu mbili za kikumbo zinarushwa huku wewe uliyeshambuliwa ndiye unayechagua ipi itumike.

Kuna mambo mawili yanayovunja kizimba kilichojengwa sawasawa, na yote tunayaona mara kwa mara. La kwanza ni kuegesha pembe za mbele zikigusana na maadui. Mpinzani ana blitzi moja tu kwa zamu, yaani kukimbia na kupiga kikumbo kwa pamoja, lakini kikumbo cha mtu aliye tayari jirani yako hakina kikomo. Ukimwachia agusane na pembe yako, ataisukuma kwa kikumbo cha kawaida, na blitzi yake bado anayo mfukoni. Pembe moja ikitoka, mraba wake unakuwa mlango wazi kabisa, hakuna cha kuchomoka. Acha mraba mmoja mtupu kati ya kizimba na adui kila unapoweza. Atalazimika kutumia blitzi kwenye pembe, na akishaitumia hana tena cha kumpigia mbeba mpira.

La pili ni msaada kufutwa. Mlinzi aliyekabwa na adui mwingine hawezi kumsaidia mwenzake. Mpinzani mjanja huleta watu wawili kuzigusa pembe kwa nje kabla ya kuingia, na ile 3 dhidi ya 5 inageuka 3 dhidi ya 3, dadu moja. Dawa yake ni ujuzi wa Ulinzi, ule unaomruhusu mtu kusaidia hata akiwa amekabwa. Tunashauri ujuzi huo uende kwa watu wa pembe kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Na ukicheza na Wood Elf, jua kwamba Wardancer wao anaruka juu ya watu. Kizimba kinampunguza kasi, hakimzuii. Huyo mwangushe mapema, mpira ukiwa bado mbali.

Niokote mpira mwanzoni mwa zamu au mwishoni? Rafiki zangu wanabishana. – Msomaji wa Milimani, Kisumu

Hesabu itaamua ubishi huo. Mchezaji wa kawaida asiyekabwa huokota kwa 3 au zaidi, asilimia 67. Akiwa na ujuzi wa Mikono Thabiti, ambao anao mrushaji wa timu ya Human na wa Orc, anarudia dadu na kufika asilimia 89. Yaani hata mtaalamu anashindwa mara 1 kati ya 9, na akishindwa zamu imekufa.

Linganisha na vikumbo. Kikumbo cha dadu mbili ukiwa na ujuzi wa Bloki (unaokuzuia kuanguka dadu ikisema wote wawili waanguke) kinakuangusha mara 1 kati ya 36. Hicho kitangulie. Bila Bloki, hatari ni 1 kati ya 9, sawa na kuokota, na hapo uamuzi ni wako. Kikumbo cha dadu moja kisubiri hadi mpira uwe mkononi.

Kinachotangulia vyote ni mwendo usio na dadu: kuwainua walioanguka, kusogeza watu kuziba njia. Usiishie hapo. Wapange wale wanne wa pembe kuzunguka mpira ungali chini, kisha muokotaji aingie. Akifaulu, kizimba kimekamilika papo hapo. Akishindwa, mpira unadunda, na mara nyingi unabaki katikati ya watu wako. Wengi huokota kwanza kwa pupa, wakifeli wanaacha mpira peke yake uwanjani kama mbuzi aliyekatika kamba.

Mvua kubwa ikinyesha (jumla ya 11 kwenye dadu za hali ya hewa) ondoa 1 kwenye kuokota na kudaka. Asilimia 67 inakuwa 50, na Mikono Thabiti inashuka hadi 75. Siku hiyo usikabidhiane mpira bila sababu.

Nina Skaven. Gutter Runner wangu ana mbio 9 lakini akiguswa tu analala. Nimpe ujuzi gani? – Mwenye Panya, Kondele

Mpe Bloki. Gutter Runner ana nguvu 2, na mpinzani wa nguvu 3 akimfikia peke yake tayari ana dadu mbili za kuchagua mwenyewe. Ujuzi wa Doji anaokuja nao unamwokoa na uso mmoja wa dadu (nyuso zote sita ziko kwenye jibu la mwisho hapa chini). Dhidi ya mshambuliaji mwenye Bloki, bado nyuso mbili kati ya sita zinamlaza, na kwa dadu mbili hiyo ni asilimia 56. Akiongezewa Bloki unabaki uso mmoja tu, na hatari inashuka hadi asilimia 31. Kumbuka tu kwamba wapo wenye ujuzi wa kuifuta Doji; wasome kwenye orodha ya mpinzani kabla mechi haijaanza, ujue ni nani wa kumkimbia.

Lakini tuseme ukweli, huyo hakuumbwa kupigwa. Kinga yake ni umbali. Mpinzani mwenye mbio 7 anaongeza miraba 2 ya mbio za ziada, na kikumbo chenyewe kinamla mraba 1. Kwa hiyo mbeba mpira aliye umbali wa miraba 9 anafikiwa, aliye wa 10 hafikiwi. Zile mbio za ziada nazo ni dadu ya 2 au zaidi kila mraba; mbili mfululizo zinafaulu asilimia 69. Ukimlazimisha mpinzani azitumie zote mbili, umeshamkata karibu theluthi ya nafasi kabla hajakugusa.

Halafu panga mabao ya zamu mbili. Akianza zamu akiwa tayari na mpira safu ya 8 kutoka nyuma yako, safu ya bao ni ya 26, umbali wa miraba 18. Hiyo ni 9 na 9, bila mbio za ziada hata moja. Usimwache peke yake kule safu ya 17 usiku kucha: peleka na Gutter Runner wa pili mbali naye, upande wa pili wa uwanja. Mpinzani akimfunika mmoja, aliyenao anamkabidhi mwenzake ambaye bado hajacheza zamu hiyo, na huyo anadaka kwa 2 au zaidi.

Mimi ni shabiki wa raga, tena wa Kabras. Katika mchezo huu naruhusiwa kuweka watu mbele ya mbeba mpira? Mbona haiitwi kosa? – Msomaji wa Kakamega

Inaruhusiwa, na ndio uti wa mchezo. Raga inakufunza kwamba aliye mbele ya mpira akimzuia mpinzani ni penalti, na pasi ya mbele ni marufuku. Hapa vyote viwili ni halali. Mashabiki wa raga hupoteza mechi zao za kwanza kwa kumtanguliza mbeba mpira na kumwekea wenzake nyuma, kama wanavyoona pale Kakamega au kwa Wanyore, timu ya raga ya Nakuru.

Kizimba kinafanana na mauli, lile rundo la wachezaji wa raga walioshikana na mbeba mpira, kwa sura tu. Mauli husukumwa na wote kwa pamoja. Kizimba huhamishwa kete moja moja, na katikati ya kuhama kuna dakika mbeba mpira yuko uchi. Ndiyo maana mpangilio ni muhimu: kwanza vikumbo na blitzi vya kufungua njia, kisha pembe mbili za mbele, kisha mbeba mpira, mwisho pembe za nyuma. Baada ya mbeba mpira kusogea kusiwe na dadu yoyote itakayorushwa. Ukimsogeza kwanza halafu kikumbo cha kufungua njia kikaharibika, zamu inaisha akiwa amesimama kama mlingoti.

Kuhusu mwendo: mbeba mpira wa mbio 6 aliyeokota safu ya 8 katika zamu ya kwanza anahitaji miraba 2 tu kila zamu kuanzia ya 2 hadi ya 7. Hapo yuko safu ya 20, na zamu ya 8 anamalizia 6 zilizobaki. Bao linaingia na mpinzani amebaki na zamu moja ya kujibu, au hana kabisa. Hakuna haja ya kukimbia. Ila ukipata upenyo wa miraba 3 au 4 mapema, uchukue, maana kuna zamu utakayokwama.

Nimeambiwa nipite kando ya uwanja kwa kuwa kuna watu wachache. Sawa? – Msomaji wa Bungoma

Hapana, si kwenye safu ya mwisho kabisa ya kando. Mtu akisukumwa nje anapigwa na mashabiki, na mpira unarushwa tena ndani popote. Kumwangusha mbeba mpira mwenye Bloki kwa dadu mbili ni asilimia 56, ila kumsukuma tu ni asilimia 89, kwa sababu nyuso nne kati ya sita zinasukuma. Bloki haimsaidii kitu hapo. Mbeba mpira akae safu ya tatu kutoka kando, ili hata pembe zake za nje zisiwe ukingoni.

Nataka kuwafundisha wanafunzi wa klabu yetu lakini hatuna kompyuta wala vifaa vya dukani. – Mwalimu, Busia

Mwalimu, vifaa viko. Unganisha karatasi za manila mpaka upate sentimita 91 kwa 52.5, uchore miraba ya sentimita 3.5, kifuniko cha soda kinaingia vizuri. Piga mstari mzito katikati, safu 13 kila upande, na mistari miwili ya urefu ikiacha miraba 4 kila kando. Kila timu iweke angalau watu 3 kwenye mstari wa katikati na wasiozidi 2 katika kila kando. Vifuniko vya rangi mbili, 11 kwa 11, na namba kwa kalamu ya wino mzito. Mpira ni punje ya mahindi, inakaa juu ya kifuniko bila kuteleza.

Dadu ya kawaida inatosha kwa vikumbo: 1 mshambuliaji anaanguka, 2 wote wawili wanaanguka, isipokuwa mwenye Bloki, 3 na 4 ni kusukuma, 5 anasukumwa na kuanguka, isipokuwa mwenye Doji, ambaye husukumwa tu, 6 anasukumwa na kuanguka, hana wa kumwokoa. Mpira unapodunda unahitaji pande 8, basi kunja vikaratasi 8 vyenye namba uvitie kwenye kikombe. Anza na timu mbili za Human zinazofanana, kila mtu mbio 6, bila ujuzi wowote ila mmoja mwenye Mikono Thabiti, na zoezi la kwanza liwe kizimba peke yake: upande mmoja uhamishe mpira safu 10 kwa zamu 5, upande wa pili ujaribu kuuvunja.