Jibu: Moto hafifu kwenye jiko la pipa la kuchemshia utomvu wa mepo

Dada, nimesoma maelezo yako yote na picha nimeziangalia vizuri. Kwa wengine watakaopita hapa: dada yuko Vermont, Marekani, anachemsha utomvu wa mti wa mepo (maple) mpaka uwe shira, ile sharubati nzito tamu. Ana pipa la lita 200 alilolilaza na kulikata upande wa juu, akapachika trei mbili za chuma kisichoshika kutu, zile kubwa za hotelini. Mlango uko mbele, dohani nyuma. Anajaza kuni mpaka mlango haufungi, moshi unatoka mweusi, trei ya mbele inachemka katikati tu, na ya nyuma inafuka mvuke bila kuchemka. Utomvu unaendelea kutiririka kwenye miti na ndoo zinamngoja. Anauliza kama anunue pipa kubwa zaidi au atafute kuni za aina nyingine.

Pipa usinunue. Hilo ulilo nalo linatosha kabisa, na kuni zako nadhani ni nyingi kuliko zinavyohitajika. Unachokosa ni hewa inayopita chini ya kuni, na njia ya kuilazimisha miali ipite ikigusa trei zote mbili kabla ya kuingia kwenye dohani. Mimi natumia pipa kama hilo nyuma ya nyumba hapa Maine, na hayo mawili ndiyo yaliyobadilisha kazi yangu.

Kwanza uone kwa nini moto dhaifu unakula siku nzima. Utomvu wa mepo una sukari kama asilimia 2 tu, kwa hiyo lita 1 ya shira inataka lita 40 na zaidi za utomvu. Yote yanayobaki ni maji ya kufukuza. Kuipandisha kilo moja ya maji kutoka baridi ya Machi hadi nyuzi 100 kunahitaji takriban kilojuli 400, lakini kuigeuza mvuke kunahitaji nyingine 2,257. Ndiyo maana trei inafika kwenye kuchemka bila shida, halafu inakaa palepale saa nzima. Moto unaotosha kupika ugali hautoshi hapa. Na utomvu huharibika kama maziwa, kwa hiyo kila saa unayoipoteza jikoni unailipa kwenye ndoo.

Sasa tuanze na hewa, maana hapo ndipo tatizo lako lilipo. Kwenye picha ya pili kuni zimelala juu ya tumbo la pipa, ndani ya majivu. Hewa yote inaingia kwa mlango, inapita juu ya kuni, inakwenda moja kwa moja kwenye dohani ikiwa imechukua joto kidogo sana. Chini ya kuni hakuna kitu. Makaa yanajilundika, gesi za kuni zinatoka bila kuungua, na huo ndio moshi mweusi unaouona. Moshi mweusi ni kuni ulizozilipia zikienda juu bila kufanya kazi.

Weka chanja cha chuma, yaani wavu wa kuwekea kuni, kiinuliwe sentimita 10 hadi 15 kutoka chini. Nondo ni rahisi kupata lakini hazidumu, zinapinda mapema kwa joto hilo. Vyuma vya engo, vile vilivyokunjwa kama herufi V, ni bora, na uvilaze sehemu ya wazi ikitazama juu, majivu yajae humo na kukikinga chuma. Acha nafasi ya kidole kati ya chuma na chuma. Chanja kisiende mpaka nyuma ya pipa. Kiishie chini ya trei ya mbele, karibu nusu ya urefu. Halafu toboa tundu la hewa chini ya usawa wa chanja, na mlango wa juu uufunge vizuri kabisa. Hewa isiwe na njia nyingine ila kupita katikati ya kuni. Ukishafanya hivyo utasikia moto ukivuma, hata kabla hujaongeza kitu kingine.

Waliokulia magharibi mwa Kenya wanaujua moto wa namna hii, wa wapika sukari guru. Makapi ya miwa yaliyokaushwa yanaingizwa kidogo kidogo bila kusimama, na miali inapita kwenye mfereji chini ya karai hadi karai kabla ya kufika kwenye dohani. Kanuni ni hiyohiyo: hufanyi makaa, unafanya miali.

Hapo ndipo tunafika kwenye trei yako ya nyuma. Nyuma ya chanja, pipa lako liko wazi hadi chini. Hewa ya moto ikifika pale inatawanyika, inakaa mbali na trei, inapoa, inatoka. Jaza sehemu hiyo. Weka mchanga mkavu, juu yake upange matofali, na mbele yake ujenge mteremko unaopanda kutoka mwisho wa chanja hadi karibu na trei, ili miali ipande ule mteremko na kupita kwenye mwanya mwembamba chini ya trei ya nyuma.

Mwanya uwe kiasi gani? Watu wengi wanakisia, lakini hesabu yake ni fupi. Eneo la mwanya lisiwe dogo kuliko eneo la tundu la dohani, ama sivyo moshi utarudi mlangoni. Dohani ya kipenyo cha sentimita 15 ina eneo la sentimita za mraba kama 177. Kama mwanya wako una upana wa sentimita 50, basi kimo chake kisipungue sentimita 3.5. Dohani ya sentimita 20 ina kama 314, kwa hiyo kimo ni kama sentimita 6.3. Ongeza kidogo juu ya hapo kwa sababu ya masizi na uso mbovu wa matofali. Usiongeze sana, utarudi ulikokuwa.

Mawe ya mtoni usiyaingize humo hata kama yako bure. Yakiwa na maji ndani yanaweza kupasuka kwa nguvu. Matofali ya saruji ya kawaida nayo hupasuka yakikaa kwenye moto. Kwenye chumba cha moto chenyewe, pande mbili na nyuma ya mlango, weka matofali ya kuhimili moto. Yanalinda pipa lisiungue, na yanakifanya chumba kiwe na joto kali linalounguza gesi za kuni vizuri. Wengine hutumia blanketi la nyuzi za kauri, ni zuri sana, ila vaa barakoa unapolikata na usiliache wazi pale kuni zinapogonga.

Halafu ziba. Hili dogo linasahaulika. Trei zako zimekaa juu ya bati lililokatwa kwa msumeno, lazima kuna nyufa. Kila ufa unavuta hewa baridi ndani, dohani inapoa, mvuto unapungua. Nunua ile kamba ya nyuzi za kioo wanayozibia milango ya majiko ya kuni, izungushe chini ya ukingo wa trei zote. Majivu nayo yataacha kuingia kwenye utomvu.

Kuhusu kuni, aina ya mti si neno kubwa. Hata msonobari unafaa, unawaka haraka kwa miali mirefu. Kinachotakiwa ni ukavu na wembamba. Kuni mbichi mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni maji: kilo 10 zina kama lita 5. Maana yake unachemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla hujayagusa yaliyo kwenye trei. Zipasue ziwe unene wa kifundo cha mkono au chini ya hapo, uzirundike chini ya paa mwaka mzima. Za msimu huu kama hukuzipasua mapema, omba mabaki ya mbao kwa mafundi seremala, lakini mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa usichome kabisa, hicho ni chakula unachokitengeneza na majivu yake ni sumu.

Na usijaze. Weka vipande vichache, vipishane ili hewa ipite katikati, funga mlango upesi. Baada ya dakika 7 hadi 10 rudia, hata kama unaona moto bado ni mzuri. Tumia kengele ya simu. Ukingoja mpaka kuchemka kunalegea ndipo uongeze, umechelewa, trei imeshapoa. Na kila ukifungua mlango, hewa baridi inaingia na utaona kuchemka kunasita papo hapo; kwa hiyo kuni ziwe zimeandaliwa mkononi kabla hujafungua.

Feni ya kupulizia inasaidia sana, ila ije baada ya haya. Chukua feni ndogo, bomba la chuma lipeleke hewa chini ya chanja, na uweke kizibo cha kupunguza hewa. Zima feni KABLA ya kufungua mlango, kila mara bila kusahau. Ukifungua ikiwa inapuliza, miali na cheche zinakutokea usoni. Kuna wanaopuliza hewa na juu ya kuni pia, kwa bomba lenye matundu madogo, ili kumalizia gesi zinazobaki. Inafanya kazi, lakini inataka feni yenye nguvu na muda wa kuirekebisha. Msimu huu iache.

Dohani yako naiona fupi. Kanuni inayotumika huku ni urefu wa dohani mara mbili ya urefu wa jiko. Pipa lako lina kama sentimita 90, kwa hiyo angalau mita 1.8, na ukiongeza kidogo hutajuta siku za upepo. Usitumie bomba lililopakwa zinki karibu na moto, moshi wa zinki unaumiza. Ikianza kuwa nyekundu pale chini, mvuto umezidi: joto linakimbia bila kugusa trei. Punguza hewa au weka kilango cha kuzuia ndani ya dohani. Rangi ya moshi nayo ikuongoze. Mweusi ni hewa kidogo, mweupe mzito ni kuni zenye maji. Ukiona joto tu linalotikisa hewa juu ya dohani, moto umekaa sawa.

Kwenye trei zenyewe, kina cha utomvu kiwe sentimita 4 hivi. Ukijaza mpaka juu unapasha maji mengi bure. Ukishusha chini sana shira itaungua, na kwa moto mpya utakaoupata itaungua kwa dakika chache, usiondoke hapo. Utomvu wa kuongezea uupashe kwanza kwenye kopo lililowekwa karibu na dohani, uingie kwa mtiririko mdogo usiokatika. Ndoo nzima ya utomvu baridi inaua kuchemka kote. Povu likipanda, tone la siagi linatosha. Masizi chini ya trei yakwanguliwe, yanazuia joto. Kumalizia hamishia kwenye gesi: shira imeiva ikifika nyuzi 4 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho maji yanachemkia siku hiyo, kwa hiyo pima maji kwanza.

Kabla ya kutia utomvu, jaribu na maji ya bomba. Yachemke vizuri, weka alama ya kina, rudi kupima baada ya saa moja, huku ukichochea moto kama nilivyosema na bila kuongeza maji. Wazoefu wa huku huhesabu galoni moja kwa saa kwa kila futi ya mraba ya trei, ambayo ni kushuka kama sentimita 4, kwa hiyo siku ya jaribio anza na sentimita 8 trei isije ikakauka. Trei zako mbili zikishuka sentimita 1 ni lita 3.5 hivi. Kwa unavyoeleza, nakisia sasa hivi hata sentimita 2 hufiki. Chanja, mteremko na kamba vikikupeleka kwenye 3, basi msimu huu umepona, feni utaitafuta mwakani.

Ukiweza kufika Maine Jumapili ya nne ya Machi, mashamba mengi ya mepo hufungulia wageni milango siku hiyo. Wageni wengi hutazama trei. Wewe omba kwa heshima wakufungulie mlango wa moto, uone mteremko wao unaanzia wapi na mwanya ni mwembamba kiasi gani.

Anza na chanja, kisha mteremko, kisha kamba ya kuzibia, kisha urefu wa dohani. Niandikie kipenyo cha dohani yako na kina cha trei kutoka ukingoni hadi chini, nikusaidie kupiga hesabu ya mwanya kabla hujamwaga mchanga.